Mwenye Moto Ndiye Mwenye Majivu

Wazee wetu wana methali isemayo kwamba moto huzaa majivu. Huitumia wamwonapo mzazi mashuhuri aliyepata mtoto asiyefaa: baba alikuwa moto, mwana amekuwa majivu. Methali hii ni nzuri kwa kuonya, lakini inayadhulumu majivu. Mwulize mama yeyote ajuaye jiko lake. Kwa majivu husugua sufuria zikang'aa. Huyachanganya na maharagwe ili wadudu wasiyatoboe. Huyamwaga chooni kuua harufu. Na katika nchi ya Waluhya huchuja maji katika majivu ya mimea iliyokauka, akapata maji makali ya kulainishia mboga za kienyeji. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka ukubali, msomaji, ni kwamba majivu hayazaliwi takataka. Hufanywa takataka na mtu aliyeyatupa.

Lakini sikusudii kusema habari za majivu ya kuni. Nakusudia majivu ya makaa ya mawe, yatokayo katika mitambo mikubwa ya umeme ya dunia, ambayo kwa muda wa karibu karne nzima yamekuwa yakirundikwa kama vilima na kumwagwa katika mabwawa kando ya mito. Nina ugomvi na wenye mitambo hiyo, na ugomvi wangu ni mkubwa zaidi na wale wanaowatetea kwa maneno matamu.

Kwanza yakupasa kujua yapatikanavyo. Katika mtambo wa umeme, makaa ya mawe hayachomwi mabonge mabonge kama mkaa wa jikoni. Husagwa yakawa unga laini, kisha unga huo hupulizwa pamoja na hewa ndani ya tanuri ambalo joto lake hupita digrii 1,400. Kile kiwezacho kuungua huungua mara moja. Udongo na mchanga uliokuwa umejificha ndani ya makaa hauungui. Huyeyuka, ukarushwa juu pamoja na moshi, na upoapo kwa ghafula hugeuka vitone vya kioo, viduara kama shanga, vingi vikiwa vyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Zamani vitone hivyo vilitoka katika dohani vikaangukia mapaa, nguo zilizoanikwa, na mapafu ya watu. Siku hizi katika mitambo mingi hunaswa kabla ya kutoka, ama kwa mifuko mirefu ya kitambaa, ama kwa mabamba ya chuma yaliyotiwa umeme, yavutayo vumbi kama kitana kilichosuguliwa nyweleni kivutavyo vipande vya karatasi. Chembe nzito huanguka chini ya tanuri. Lakini sehemu kubwa, yapata nne katika kila tano, ni vumbi hili jepesi la kijivu lirukalo na moshi.

Wingi wake unatisha. India, ambayo makaa yake yana udongo mwingi, hupata kati ya kilo 300 na 450 za majivu katika kila tani ya makaa inayochomwa. Kwa mwaka mmoja mitambo yake hutoa zaidi ya tani milioni 200. Lori lichukualo tani 20 lingehitaji safari milioni 10 kuyahamisha yote, na mwaka ufuatao kazi ingeanza upya.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mafundi wa pwani yetu, huko Lamu, Malindi na Mombasa, walichoma matumbawe ya baharini wakapata chokaa, na kwa chokaa hiyo wakajenga misikiti na nyumba ambazo baadhi yake zimesimama kwa mamia ya miaka. Warumi wa kale nao walikuwa na chokaa yao. Lakini karibu na mji wa Pozzuoli, kando ya Naples, walikuta majivu ya volkano, wakagundua kwamba chokaa ikichanganywa na majivu hayo hukaza hata chini ya maji. Mwandishi wao Vitruvius aliyasifu katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Kuba la jengo liitwalo Pantheon, mjini Roma, lina upana wa mita 43. Limejengwa kwa zege lisilo na nondo hata moja, nalo lipo juu ya vichwa vya watu kwa miaka yapata 1,900. Kutokana na jina la mji ule wahandisi walipata neno pozolana, nao hulitumia mpaka leo kwa kila unga wenye tabia hiyo.

Majivu ya makaa ya mawe ni ndugu wa majivu ya volkano. Yote mawili ni udongo ulioyeyushwa na moto ukapozwa kabla haujapata nafasi ya kujipanga. Moja limepikwa na dunia, la pili limepikwa na mtambo. Na yafanyavyo kazi katika saruji ni hivi. Saruji ikitiwa maji hukaza, lakini katika kukaza kwake huacha nyuma chokaa isiyo na kazi, iliyotawanyika kila mahali kama wageni wasioalikwa karamuni. Maji yakipenya huiyeyusha chokaa hiyo na kuacha vitundu. Ndipo silika iliyomo katika majivu inapoikamata ile chokaa, ikaungana nayo, na muungano huo ukawa gundi kama ile inayoshika kokoto. Vitundu huzibika. Zege la namna hii hustahimili maji ya bahari kuliko lile la saruji tupu. Halipati joto kali linapokaza, wala halipasuki upesi linapomwagwa kwa wingi. Kasoro yake ni moja: ni la polepole. Katika wiki za kwanza huwa dhaifu kuliko lenzake, na baada ya miezi kadhaa mara nyingi hulipita. Fundi mwenye haraka hulichukia.

Usidhani kwamba haya ni majaribio ya maabara. Bwawa la Hungry Horse, katika jimbo la Montana huko Marekani, lililomalizika mwaka 1953, lilijengwa kwa zege lililotiwa zaidi ya tani 100,000 za majivu ya makaa. Jengo la Burj Khalifa huko Dubai, lililofunguliwa mwaka 2010 na kuwa refu kuliko majengo yote duniani kwa mita zake 828, lina majivu ya makaa katika zege la nguzo zake. Watalii hupanda juu yake kwa maelfu, wala hakuna hata mmoja anayeambiwa kwamba anabebwa na taka.

Tena kuna faida nyingine, na kwa zama hizi pengine ni kubwa kuliko zote. Saruji hutokana na klinka, mabonge ya kijivu yapatikanayo kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri kali. Mawe hayo yakichomwa hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na moto wenyewe hutoa nyingine. Jumla yake hupita kilo 800 kwa kila tani ya klinka. Kila kilo ya majivu ishikapo mahali pa kilo ya klinka, gesi hiyo haizaliwi.

Saruji ndiyo mlaji mkubwa, lakini siye peke yake. Ukichanganya majivu na chokaa na unga kidogo wa alumini, tope lake hufura kama andazi. Likikatwa vipande na kupikwa kwa mvuke huwa matofali mepesi ambayo mtoto huweza kuyainua. Ukiyakandamiza pamoja na saruji au chokaa na jasi, hupata tofali lisilohitaji kuchomwa, na kuni zikabaki msituni. Huko Delhi, katika miaka ya 1990, barabara za kupandia madaraja zilijazwa majivu mahali pa udongo. Viwanda vya rangi, vya mpira na vya plastiki huyatumia kuongezea ujazo. Miongoni mwa vitone vile vimo vingine vilivyo vitupu ndani, vyepesi hata huelea juu ya mabwawa ya majivu. Hukusanywa kama utando wa maziwa na kuuzwa kwa bei nzuri kutengenezea vitu vinavyotakiwa viwe vyepesi na vigumu. Wachina wametoa hata alumina katika majivu ya Mongolia ya Ndani.

Basi wewe, uliye mwerevu, utaniuliza: ikiwa mali hii ina wanunuzi wengi kiasi hicho, mbona vilima bado vipo?

Jibu lake si la kemia. Ni la fedha. Majivu hushinda saruji kwa ubora baada ya miezi sita, lakini shimo hushinda kila kitu kwa bei siku ile ile. Ili kuyauza, mwenye mtambo lazima ajenge maghala makavu, apime kila shehena, atenge yaliyo na makaa yasiyoungua vema, kisha ayasafirishe hadi kiwandani. Ili kuyatupa, anahitaji bomba na maji. Huyachanganya na maji yakawa uji, akayasukuma hadi katika bonde aliloliziba kwa ukuta wa udongo, na kwenye hesabu zake akaandika gharama ndogo sana. Gharama iliyobaki huandikwa katika hesabu za watu wengine.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, watu waliokaa kando ya mtambo wa Kingston, katika jimbo la Tennessee, waliandikiwa hesabu hiyo. Ukuta wa bwawa la majivu lililokuwa likijazwa kwa miaka hamsini ulibomoka, na zaidi ya mita za ujazo milioni nne za uji wa kijivu zikaporomoka, zikang'oa nyumba na kuufunika mto Emory. Hakufa mtu usiku ule. Lakini mamia ya wafanyakazi walioajiriwa kuyazoa walifanya kazi ndani ya vumbi lake kwa miaka, na wengi wao wakaugua. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama lilikata shauri kwamba mkandarasi aliyewaajiri hakutimiza wajibu wake wa kuwalinda. Na unajua majivu yaliyozolewa yalipelekwa wapi? Mengi yalipakiwa katika magari ya moshi, yakasafirishwa mamia ya kilomita hadi wilaya ya Perry katika Alabama, yakafukiwa jirani na watu maskini ambao wengi wao ni weusi. Fedha za kuyasafirisha mbali namna ile zilipatikana bila taabu. Za kuyapeleka kiwandani miaka hamsini kabla yake hazikupatikana.

Ukiona kwamba Tennessee ni mbali, nitakupeleka mahali ambapo nchi yetu ina ndugu wengi wa damu. Katikati ya India kuna eneo la Singrauli, lenye machimbo ya makaa na mitambo mingi ya umeme iliyobanana. Karibu nalo kuna ziwa kubwa lililofanywa na bwawa la Rihand, lililomalizika mwaka 1962. Bwawa hilo ni miongoni mwa majengo ya mwanzo nchini humo kutumia majivu ya makaa katika zege lake. Yaani wahandisi wa miaka ile walikwisha kujua. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2019, ukuta wa bwawa la majivu la mtambo mmoja wa Singrauli ulipasuka na shehena yake ikamiminika ndani ya ziwa lile lile la Rihand. Miezi michache baadaye, mwezi Aprili 2020, ukuta wa mtambo mwingine wa eneo hilo ulipasuka ukawazoa wanakijiji. Watu sita wakafa, watoto wakiwamo. Majivu yanayouzuia maji yasitoke yamo ndani ya ukuta mmoja, yametulia kimya kwa miaka sitini. Majivu yanayoua yako nyuma ya ukuta mwingine, umbali usiofika safari ya siku moja. Ni kitu kile kile. Tofauti yake ni kwamba moja lilifungwa ndani ya zege, na la pili liliachwa.

Serikali ya India iliamua kulitumia fimbo. Tarehe 14 Septemba 1999 ilitoa amri kwamba mtengenezaji wa matofali aliye ndani ya kilomita 50 za mtambo wa makaa asitumie udongo mtupu, bali atie majivu angalau asilimia 25. Makusudi yake yalikuwa mawili kwa pamoja: kumaliza majivu, na kuokoa udongo wa juu wa mashamba uliokuwa ukichimbwa na kuchomwa kuwa matofali. Amri ile ilikazwa mwaka 2003, ikakazwa tena 2009 na 2016, na tarehe 31 Desemba 2021 ikasema wazi kwamba majivu yote yatumiwe, na mwenye mtambo asiyetimiza alipe rupia 1,000 kwa kila tani. Hapo ndipo walioshindwa kupata wanunuzi kwa miaka arobaini walipowapata kwa miaka michache. Uholanzi na Japani hazikuhitaji kungoja maafa. Ardhi ni chache na kutupa ni ghali, kwa hiyo karibu majivu yao yote hupata kazi. Wafanyabiashara wa huko hawana mioyo mizuri kuliko wa Tennessee. Hawana mahali pa kutupia.

Hili ndilo ninalolidai: aliyewasha moto ahesabiwe majivu yake hadi kilo ya mwisho, na kibali cha kuwasha kisitolewe kabla hajaonyesha kwa maandishi ni nani atakayeyapokea. Wapo watakaosema kwamba sheria kama hiyo ni mzigo kwa biashara. Ni kweli, ni mzigo. Mzigo huo upo tayari. Swali ni uwe mgongoni mwa nani.

Lakini usishangilie upesi, kwa maana kila fimbo ina mtu ajuaye kuikwepa. Neno "kutumia" ni pana kama gunia. Katika hesabu za India, majivu yaliyomwagwa kujaza bonde au shimo la mgodi wa zamani huhesabiwa kuwa yametumiwa, sawasawa na yale yaliyofungwa ndani ya tofali. Huo si uaminifu. Majivu haya, tofauti na yale ya kuni aliyonayo mama jikoni, huwa na aseniki, seleni, boroni, risasi na zebaki. Kwa kiasi kidogo katika kila kilo, lakini kilo ni nyingi. Yakifungwa ndani ya zege, sumu hizo hushikwa humo humo. Yakilazwa ovyo ardhini, mvua huziosha na kuzipeleka visimani. Kijiji kiitwacho Town of Pines, katika jimbo la Indiana huko Marekani, kilipewa majivu ya kujazia barabara zake, na pembeni pakawa na jaa lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya visima vya watu yalikutwa na boroni na molibdeni, ikawalazimu wengi kuletewa maji ya bomba kutoka mji wa jirani. Hayo nayo yaliitwa matumizi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba majivu yake yanatumika, usimpigie makofi kabla hujamwuliza: yamefungwa, au yamelazwa? Na ukiwa shamba la shule yako liko karibu na tanuri la makaa ya mawe, usiyatie majivu yake kwenye sukuma wiki kwa kumwiga nyanya yako.

Sasa nifike kwa hasimu wangu wa mwisho, ambaye huvaa suti nadhifu kuliko wote. Huyu hayatupi majivu wala hayakwepi. Huyasifu. Husema: "Makaa ya mawe si machafu tena, kwani hata majivu yake tunayauza kwa viwanda vya saruji." Maneno haya yanamhusu kila Mkenya, kwa maana nasi tulikaribia kuwasha moto huo. Mwaka 2016 kibali kilitolewa cha kujenga mtambo wa makaa wa megawati zipatazo 1,050 katika kaunti ya Lamu, si mbali na mji wa kale ambao tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, na majivu yangebaki kwetu, kando ya bahari ya wavuvi. Wenyeji walipinga. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira lilikifuta kibali hicho, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na mwezi Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Malindi ikauthibitisha uamuzi huo.

Chukua kalamu tumpimie hasimu huyu hesabu yake. Tani moja ya makaa mazuri ikiungua hutoa zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi, na huacha, tuseme, kilo 100 za majivu. Kilo hizo 100 zote zikiingia katika saruji mahali pa klinka, zimeokoa yapata kilo 80 au 90 za gesi ile ile. Ametoa kilo zaidi ya 2,000, amerudisha 90. Ni kama mtu aliyekopa ng'ombe, akaja kulipa kwa kwato, naye anataka ashukuriwe kwa uaminifu wake. Kutumia majivu ni wajibu wa mtu ambaye moto wake unawaka tayari. Hakumpi mtu yeyote haki ya kuwasha mwingine.

Wala usihofu kwamba dunia ikiacha makaa, viwanda vya saruji vitakosa majivu. Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na waashi wake wakabaki na hamu ya majivu, hata mengine huagizwa kutoka ng'ambo. Huko Marekani ya kusini makampuni yamekwisha kuanza kufukua mabwawa ya zamani, kuyakausha majivu yaliyozikwa, kuyachoma upya na kuyauza kwa watengeneza zege. Mali ile ile iliyoitwa uchafu kwa miaka hamsini sasa inachimbwa kama dhahabu, na gharama ya kuizika na ya kuifukua zote zimelipwa. Vilima vilivyopo vitatosha viwanda kwa miaka mingi bila ya kuwasha moto mpya hata mmoja.

Na sisi Wakenya, ambao umeme wetu hutoka zaidi katika mvuke wa Olkaria, maporomoko ya maji na upepo wa Turkana, tuna jiko letu wenyewe la majivu. Volkano za Bonde la Ufa zilitupikia kabla ya Warumi kuzaliwa. Nenda dukani ukasome mfuko wa saruji ya kawaida ya ujenzi wa nyumba. Mara nyingi utakuta maandishi CEM IV/B-P. Herufi P ni ya pozolana ya asili, na alama IV/B maana yake ni kwamba kati ya asilimia 36 na 55 ya kinachokaza ndani ya mfuko ule ni pozolana, si klinka. Kama ingekuwa majivu ya makaa, ingeandikwa V mahali pa P. Basi Mkenya aliyejenga kwa saruji hiyo amejenga kwa majivu, hata kama hajui. Kutojua kwake kunamgharimu, maana saruji ya namna hii, kama nilivyokwisha kusema, ni ya polepole na inataka maji. Ukuta umwagiwe maji kwa wiki mbili na ufunikwe kwa magunia. Fundi aumwagiaye siku mbili kisha akaondoka na malipo yake ameiacha chokaa bila ya kukamatwa, na kazi yake itamomonyoka kwa vidole.

Majivu mengine tunayo, nayo yangali yakitupwa. Katika viwanda vya sukari vya magharibi mwa nchi, makapi ya miwa huchomwa kuendesha mitambo. Katika vinu vya mpunga vya Mwea, maganda huungua au huoza tu. Majivu ya maganda ya mpunga, yakichomwa kwa joto la kadiri, yana silika nyingi na hukaza vizuri pamoja na chokaa. Majivu ya miwa nayo yana silika, ijapokuwa yahitaji kusagwa. Ikiwa shule yako iko karibu na kiwanda cha namna hiyo, mwandikie meneja barua ya adabu. Mwulize hutoa tani ngapi kwa mwezi, huyapeleka wapi, na kama kuna mtu aliyewahi kuyapima. Na barua hiyo itiwe sahihi na darasa zima.